Samaki Ndiye Shahidi wa Mto

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu samaki wa maji baridi, nami nazungumza nikiwa Ilula, mkoani Iringa. Najua wapo watakaoguna na kuuliza, Ilula na samaki wapi na wapi? Ilula inajulikana kwa nyanya na vitunguu. Basi litokalo Dar es Salaam likishapanda Kitonga na kufika hapa, hulakiwa na akina mama na vijana wenye ndoo za nyanya. Hiyo ni kweli. Lakini nyanya hunywa maji, na maji ya mto yana wenyewe, nao ni samaki.

Tuanze na mgeni. Enzi za ukoloni, mito ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini, kama vile ya Mufindi na Mto Kiwira upande wa Rungwe, ilitiwa samaki aitwaye trauti. Trauti si wa kwetu. Yupo mwenye asili ya Ulaya, na yupo mwenye asili ya mito ya Amerika Kaskazini imwagayo maji katika Bahari ya Pasifiki. Kwa majirani zetu wa Kenya aliingia mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipomtia katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Ziwa Naivasha nalo likatiwa samaki wa Marekani aitwaye besi, mwenye kinywa kipana na tamaa kubwa.

Samaki hao hawakuletwa kwa sababu kuna mtu alikuwa na njaa. Waliletwa ili mabwana wapate mchezo siku za mapumziko. Trauti alivuliwa kwa ndoana iliyofungwa manyoya ikafanana na nzi. Aliyetaka kumvua alikata leseni, na samaki mdogo alirudishwa majini.

Tunaweza kuucheka mchezo huo, na pengine tuna haki ya kuucheka. Hata hivyo, upo ujuzi ndani yake. Trauti ni samaki mwenye madai mengi. Anataka maji ya baridi, yaendayo kasi na yenye hewa ya kutosha. Maji yakipata joto la nyuzi 25 hivi, huwa hatarini kufa. Mayai yake huyataga katikati ya changarawe safi, na changarawe ikizibwa na tope, mayai hukosa hewa yakafa. Kwa hiyo mtu aliyempenda trauti alilazimika kuupenda mto mzima, pamoja na msitu wa juu, kivuli cha kando na chemchemi. Walioulinda mto kwa ajili ya mchezo waliulinda. Je, sisi tunaoutegemea kwa chakula tunaulinda?

Hapa Ilula pana joto kupita Mufindi, wala sisemi trauti aletwe. Samaki wetu ni perege na kambale. Nilimwamkia mzee mmoja wa hapa, "Kamwene, mzee," naye akaitikia kwa upole, "Kamwene, mwanangu." Nikamwuliza habari za uvuvi. Akasema, "Sisi tulipokuwa watoto tulikwenda mtoni na ndoana na nyungunyungu, tukarudi na kambale wa mboga. Mjukuu wangu siku hizi anakwenda na ndoana, anarudi na mafua."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akanionyesha mahali ambapo wakulima huteka maji ya kuchanganyia dawa ya nyanya, na ambapo jioni wengine huoshea mabomba ya kupulizia. Chupa tupu za dawa zilikuwa zimelala majanini, hatua chache kutoka kwenye maji.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Nyanda hizi hulima pareto, na pale Mafinga kipo kiwanda chake. Sumu iliyo katika ua la pareto huua wadudu, lakini kwa binadamu na ng'ombe madhara yake ni madogo yakilinganishwa na ya sumu nyingine. Kwa samaki ni hatari kubwa, hata ikiwa kidogo sana. Nyingi za dawa za wadudu zinazouzwa madukani leo zimetengenezwa kwa kuiga sumu hiyo. Kwa hiyo mkulima akiona ng'ombe wake amekunywa maji ya mtoni na bado yu mzima, asidhani mto ni salama. Kabla ng'ombe hajaugua, samaki amekwisha kufa. Samaki ndiye shahidi wa kwanza, na shahidi huyo tunamnyamazisha.

Tena wapo wanaomnyamazisha makusudi. Humimina dawa majini, samaki wakaelea, nao wakawaokota na kuwapeleka sokoni. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Lakini hata bila sheria, mtu mwenye akili atamlishaje mwanawe samaki aliyeuawa kwa dawa ya viwavi?

Nataka niwe mwadilifu. Mkulima wa Ilula hachukii mto. Nyanya ndizo zinazomlipia karo na kumwezekea nyumba. Wakazi wa Iringa wamelima vinyungu mabondeni tangu enzi za mababu, na wakati wa kiangazi kinyungu ndicho humvusha mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa mwenye kinyungu chembamba, mita 60 ni shamba lote. Ndiyo maana katazo hilo huleta ubishi kila linaposimamiwa. Kumfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda si kuulinda mto, kwani atarudi usiku.

Na wewe uliye mjini usidhani hayakuhusu. Vijito vya Iringa na Kilolo huishia Ruaha Mkuu, ambao maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha yakaingia Rufiji. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, hasa kwa sababu ya matumizi ya maji huko juu, Usangu. Samaki na viboko hubanana katika madimbwi yaliyosalia. Tena, wewe unayesimama sokoni Kariakoo na kuikataa nyanya kwa sababu ina doa moja, unamfundisha mkulima kupulizia mara nyingine. Doa hilo huondoka kwa kisu. Sumu iliyokwisha kuingia mtoni haiondoki kwa kisu.

Wapo watakaosema, samaki wakipungua tulete wengine kutoka nje. Hilo nalo tulitafakari. Trauti wa aina zote mbili niliowataja, na besi wa Naivasha, waliwekwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya viumbe wageni 100 waharibifu kupita wote duniani. Sangara naye yumo. Alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaleta fedha na viwanda, lakini samaki wadogo wa asili wa aina nyingi mno walitoweka. Mgeni akishaingia majini hafukuziki.

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Bomba lioshewe shambani, na maji yake yanyunyizwe kwenye mimea ileile. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe katika bomba, kisha itobolewe isije ikawekewa mafuta ya kula. Ukingo urudishiwe mivengi, wala si mikaratusi inayokunywa maji kwa pupa. Serikali za vijiji zikae na wenye vinyungu, zipime pamoja nao, na anayehamishwa aonyeshwe pa kulima. Na anayevua kwa sumu atajwe hadharani, hata akiwa shemeji yetu.

Zamani leseni ya kuvua trauti ilikuwa ya wachache. Mto safi ni wa wote, na kipimo chake si kigumu. Mtoto wa Ilula akienda mtoni na nyungunyungu zake akarudi na kambale mmoja, tujue nyanya zetu zimeoteshwa kwa maji yaliyo hai. Kwa leo naishia hapo.