HOTUBA YA MWENYEKITI KATIKA SHEREHE YA KUTIMIZA MIAKA 10: TUMEJIFUNZA KUPANGA MUDA

Akina mama oyee!

Habari za hisa, mikopo na gawio atazisoma Mweka Hazina. Sisi tunapenda kusema juu ya jambo moja lililotusumbua kuliko fedha, nalo ni muda.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikubaliana kukutana kila Alhamisi saa 9 alasiri. Atakayechelewa, faini shilingi 500. Jamani, saa 9 ilikuwa inafika tuko wanne! Tulikemea sana. Tuliwaambia wenzetu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Haikusaidia.

Mwenzetu mmoja alichelewa mara 13, faini ikafika shilingi 6,500. Marejesho yake hakuruka hata wiki moja, lakini tulimwita mvivu. Siku moja akasimama akasema anajitoa. Akasema, "Mama Mwenyekiti, nyie mnaandika nimechelewa. Hakuna aliyeandika nimetoka wapi." Tukanyamaza wote.

Tulimwomba asubiri, tukatafuta dawa. Kwanza tulinunua dayari, kila mtu yake. Kumbe dayari zile zina saa za Kizungu. Hapa kwetu Muheza tunauza machungwa. Mama mmoja alikuwa na lori la kuchukua machungwa yake saa 3 asubuhi, akaandika kwenye mstari wa 3. Binti yake anayesoma sekondari akamsomea: mama, hii ni saa 9 alasiri. Yule mama akaliamini buku kuliko kichwa chake. Lori likaja, likaondoka, magunia yakabaki shambani. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, dayari inahesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa 6, na saa 6 ni mzigo mzima wa machungwa.

Pili tulijaribu kengele ya simu. Hiyo ni nzuri kwa kuamka alfajiri kuwasha moto wa maandazi, wengi wetu tunaitumia mpaka leo. Lakini mchana inalia mikono imo kwenye unga, au chaji imekwisha, au simu kaondoka nayo baba.

Ndipo mama mmoja asiyejua kusoma akatupa akili. Alisema tuhesabu kwa maharage. Kila kazi tangu kuamka mpaka kulala, punje moja kwenye bakuli. Kila safari ya maji, punje moja. Tulifanya hivyo siku saba, kisha tukaja na mabakuli yetu mkutanoni. Bakuli la yule tuliyemwita mvivu ndilo lililojaa kuliko yote. Na tulipomuuliza, tukagundua bomba la upande wao lilikuwa linafunguliwa saa 9 alasiri, saa ile ile ya mkutano wetu! Sisi tunaokaa karibu na kisima hatukujua.

Tulifanya mambo matatu. Mkutano tuliusogeza saa 10 na nusu. Shilingi zake 6,500 tulimrudishia, maana hata sisi viongozi tulikuwa tunachelewa na faini zetu hazikuandikwa. Tatu, kila mmoja alitundika kalenda ya ukutani jikoni, na kipande cha mkaa pembeni. Duara ni mkutano, nyota ni gulio, mstari ni marejesho. Asiyejua kusoma anaiona, watoto wanaiona, na baba naye anaiona. Zamani siku za mama zilikuwa kichwani mwake tu, kwa hiyo kila mtu nyumbani alijikatia kipande. Sasa ukiitwa siku yenye duara, unaonyesha ukuta.

Wanachama wenzetu, na nyie mnaotaka kuanzisha vikundi, ushauri wetu ni huu. Usinunue kifaa kabla hujahesabu kazi zako. Kisha jiulize: kinahesabu saa kama unavyohesabu wewe? Unaweza kukitumia mikono ikiwa na unga? Wenzako nyumbani wanakiona? Kama sivyo, mwachie mwenye duka.

Hatusemi tumemaliza. Kalenda haichoti maji. Wapo wenzetu ambao bakuli lao bado limejaa, na hilo linataka zamu za kusaidiana na akina baba kushika ndoo. Akina baba mliopo hapa mmesikia.

Yule mwenzetu hakujitoa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja anao yeye. Asipofika, hakuna fedha inayotoka. Kila Alhamisi tunamkuta amekaa, anatungoja sisi.

Akina mama oyee!