Jua Linavyozeesha Plastiki ya Mkulima

Leo hatutazungumzia mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya plastiki: karatasi ya nailoni unayoanikia mahindi, mpira wa kumwagilia, kamba ya manila, viroba vya nafaka na bomba la maji. Vitu hivi umevinunua kwa jasho lako, nawe unataka vidumu.

Msimu mmoja wa mavuno nilimtembelea mkulima aliyekuwa ameanika mahindi yake juu ya karatasi ya nailoni. Wingu likatanda. Tukakimbilia pembe nne ili tuyabebe mahindi ndani. Karatasi ikachanika mikononi mwetu kama jani kavu la mgomba, mahindi yakamwagika, na mvua ikanyesha. Mwenzetu yule akauliza, "Mbona jana ilikuwa nzima?" Jibu la swali hilo ndilo somo letu la leo.

Itazame kamba ya katani. Nguvu yake inatoka katika nyuzi ndefu zilizoshikana. Ukizikata nyuzi hizo vipande vifupi vifupi, utabaki na makapi, na makapi hayafungi ng'ombe. Plastiki nayo imejengwa kwa minyororo mirefu ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mionzi mikali ya jua huikata minyororo hiyo. Hewa ya oksijeni huingia palipokatika, na mkato mmoja huzaa mwingine, kama moto unavyorukia nyasi kavu. Joto huongeza mwendo.

Viwandani hutiwa dawa ya kuzuia uharibifu huo. Dawa rahisi ni masizi meusi. Bomba jeusi la maji lililotengenezwa vizuri huwa na masizi kiasi cha kilo 2 hadi 2.5 katika kila kilo 100. Masizi huinasa mionzi juu juu, kabla haijapenya ndani. Ziko pia dawa zisizo na rangi, ambazo huuzima ule moto kila unapotaka kuwaka. Hizo hutiwa katika karatasi angavu za nyumba za kuoteshea mboga.

Lakini sikiliza vizuri hapa, ndugu mkulima: dawa huisha. Kwa muda mrefu plastiki huonekana nzima kwa kuwa dawa bado inafanya kazi. Ikimalizika, uzee huja mbio. Ndiyo maana karatasi ya yule mwenzetu ilionekana nzima jana, na leo ikamwangusha.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, unaponunua, mwulize muuzaji kama kitu hicho kimetiwa dawa ya kuhimili jua. Weusi peke yake si hakikisho, lakini karatasi angavu isiyo na dawa haifai kukaa juani msimu mzima. Viroba vya kufumwa hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo isipotiwa dawa huchoka juani upesi kuliko polithini ya karatasi na mabomba. Kiroba kilichotengenezwa kwa safari moja ya ghalani usikitandike uani mwaka mzima.

Pili, weka kivulini. Ukimaliza kuanika, kung'uta karatasi, ikunje, iingize ndani. Usiiache juu ya mabati yenye moto. Mpira wa maji ukishamwagilia, uviringishe uuweke chini ya paa. Bomba la kudumu lifukie ardhini.

Tatu, kama una nyumba ya kuoteshea mboga, angalia pale karatasi inapogusa chuma. Chuma hupata joto sana, na karatasi huanza kukatika hapo. Kipake chuma rangi nyeupe. Angalia pia unaponyunyizia salfa, maana baadhi ya dawa zilizomo katika karatasi huharibiwa nayo.

Nne, pima kabla ya mavuno, si siku ya mvua. Kunja pembe ya karatasi kwa nguvu. Ikipasuka, au ukiona nyufa ndogo ndogo, au ukipangusa unga mweupe ubaki kidoleni, karatasi hiyo imezeeka. Isibebe tena mahindi yako, wala kamba yenye dalili hizo isifunge ng'ombe wako.

Mwisho, okota vipande mapema, kabla havijasagika. Plastiki iliyovunjikavunjika haijaoza. Imekuwa midogo tu, nayo hubaki udongoni. Mbuzi akila vipande, vinaweza kumziba tumbo. Wala usiwashie jikoni, maana moshi wake una sumu.

Basi, ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla hujaenda shamba, ikunje ile pembe ya karatasi yako. Ni heri ipasuke mkononi mwako leo kuliko ipasuke na mahindi ya watoto ndani yake.