Lau Mabaharia wa Farao Neko Wangalibaki



Mwanahistoria anayesimama hadharani na kusema "lau" huamsha mashaka, na katika bara letu mashaka hayo yana sababu. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, akaandika kwamba ameona kazi ya Malkia wa Sheba. Miaka 20 baadaye Theodore Bent alichimba palepale, kampuni ya Cecil Rhodes ikimsaidia, akahitimisha kwamba wajenzi walitoka Uarabuni. Wengine wakawataja Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo. Walowezi walilipokea jambo hilo kwa furaha: kama wageni wa kaskazini walikwisha kuitawala nchi ile zamani, basi wao walikuwa wanarejea kwenye urithi. Mwaka 1905 mwanaakiolojia David Randall-MacIver alionyesha kwamba kuta zile ni kazi ya Waafrika, na mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha kwa uchimbaji makini. Hata hivyo hadithi ya wageni iliendelea kusimuliwa Rhodesia kwa miongo mingi.

Nimeanza na Zimbabwe Kuu kwa makusudi. Ile nayo ilikuwa historia ya kubuni kuhusu makoloni ya kale, ila iliuzwa kama historia ya kweli. Sikuja leo kumtafutia Mfoinike sifa ya kazi aliyoifanya Mwafrika. Nimekuja kuuliza swali la kubuni, nikilitangaza kuwa ni la kubuni, ili tuone kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda.

Wasomaji wa Biblia wanamjua Farao Neko, yule aliyemuua Mfalme Yosia kule Megido. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika karne moja na nusu hivi baada yake, anasema Neko aliwatuma mabaharia Wafoinike kutoka Bahari ya Shamu, akawaamuru waizunguke Afrika na kurudi kupitia mlango wa Gibraltar. Kila vuli walitia nanga popote walipofika, wakalima, wakapanda nafaka, wakangoja mavuno, ndipo wakatweka tena. Mwaka wa tatu wakaingia Misri. Walisimulia kwamba walipokuwa wakielekea magharibi jua lilikuwa upande wao wa kulia, na Herodotus akasema hilo yeye halisadiki. Kwetu sisi, tunaojua kwamba kusini ya mbali jua la adhuhuri hukaa kaskazini, neno hilo alilolikataa ndilo linaloipa habari yote uzito. Mimi naegemea upande wa wanaoisadiki.

Tazameni basi: watu hawa walikaa nchi kavu msimu mzima, wakala walichopanda wenyewe. Nusu ya kazi ya walowezi walikwisha kuifanya. Kwa nini hakukutokea mji?

Jibu langu liko kwenye mfereji. Kabla ya safari hiyo Neko alikuwa akichimba njia ya maji kutoka Mto Nile hadi Bahari ya Shamu. Herodotus anasema Wamisri 120,000 walifia humo, kisha Farao akasitisha kazi baada ya kuonywa na waaguzi kwamba alikuwa akimchimbia mgeni. Kweli, Dario wa Uajemi ndiye aliyekuja kuumaliza, yapata mwaka 500 KK. Bila mfereji, meli ya Bahari ya Shamu haikuweza kufika Tiro, mji wa Wafoinike. Shehena ilipaswa kushushwa, ibebwe na wanyama kuvuka jangwa, ipakiwe tena upande wa pili. Mwaka 605 KK Wababeli walimshinda Neko kule Karkemishi, na baadaye Nebukadneza akauzingira Tiro kwa miaka 13. Walowezi wa pwani ya mbali wangalikuwa wana wa mama aliyefungiwa ndani ya nyumba yake.

Linganisheni na Gadir, Cádiz ya leo, au Karthago. Huko meli ya Tiro ilikwenda na kurudi kwa njia ya bahari tu, na fedha ya Uhispania ililipia safari.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Tuseme Neko hakuwasikiliza waaguzi, mfereji ukakamilika yapata mwaka 600 KK, na Tiro ikaokoka. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na pembe za ndovu na magamba ya ng'amba. Ilikuwa pia na neema kubwa kuliko zote, pepo mbili zinazopokezana: kaskazi ya kumleta nahodha na kusi ya kumrudisha. Mji mdogo ungaliwezekana. Lakini mji wa namna gani?

Watungaji wengi wa hadithi za "lau" hukosea hapa. Huwachora walowezi kama watu waliofika nchi tupu, wakajenga mahekalu, wakabaki walivyo kwa miaka elfu. Makoloni halisi hayakuwa hivyo. Chukueni Kirene, nchi ya Simoni aliyebebeshwa msalaba, katika Libya ya leo. Wagiriki wa kisiwa cha Thera, wakisukumwa na ukame wa miaka saba, walipeleka meli mbili za makasia hamsini. Walipotaka kurudi nyumbani, ndugu zao waliwarushia silaha, wakawakataza kushuka pwani. Wakakaa miaka miwili kwenye kisiwa kimoja karibu na pwani ya Libya, kisha sita mahali paitwapo Aziris, ndipo wenyeji Walibya wakajitolea kuwaonyesha mahali pazuri zaidi. Herodotus anaeleza kwamba wenyeji waliipanga safari ile kwa saa, ili Wagiriki wapite usiku penye ardhi bora kuliko zote, Irasa, wasiione. Napenda sana akili ya wale Walibya. Tena wanawake wa Kirene hawakula nyama ya ng'ombe, kama Walibya wenyewe.

Kwetu ushahidi unasema vivyo hivyo. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, ulioandikwa kwa Kigiriki, unaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu, lenye mashua za kushonwa kama mitepe ya Lamu. Manahodha waliotumwa huko kutoka Muza, katika Yemen ya leo, walikuwa Waarabu waliooa wenyeji na kuijua lugha yao. Katika baadhi ya bandari za pwani hiyo, divai na ngano zililetwa kwa ajili ya kupata urafiki wa wenyeji, wala si kwa biashara. Hivyo ndivyo mgeni alivyoishi: kwa zawadi, kwa ukwe na kwa ulimi wa mwenyeji.

Kwa hiyo nadhani wajukuu wa mabaharia wa Neko wangalisema lugha ya mama zao. Huenda herufi zao 22 zingalibaki, kama mwandiko wa Arabia Kusini ulivyovuka hadi Yeha, katika Ethiopia ya leo, na hatimaye kuzaa mwandiko wa Kige'ez, ambao Waethiopia wanautumia hadi leo.

Lakini hayo yote ni ya meli za kwanza. Kirene iliishi kwa amani na majirani hadi mfalme wake wa tatu alipowaalika Wagiriki wengine waje kugawiwa ardhi. Walibya wakanyang'anywa mashamba. Mfalme wao Adikran akaomba msaada kwa Farao Apries, jeshi la Misri likaja, likashindwa vibaya, yapata mwaka 570 KK. Lau mfereji ungaliendelea kuleta meli za Tiro mwaka baada ya mwaka, zikiwa na watu wenye njaa ya mashamba, wenyeji wa pwani yetu nao wangalifika hapo, na wasingalikuwa na Farao wa kumwendea, kwa kuwa meli zenyewe zingalipitia mfereji wake.