Ufukwe wa Kelele au Ufukwe wa Kimya?



Kila sikukuu inapokaribia, swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Dar es Salaam: safari hii tunakwenda ufukwe gani? Watoto hutaka Coco, pale Oysterbay, penye muziki, mihogo ya kukaanga, mishikaki na umati wa watu. Sisi wazazi, tuliochoshwa na makelele ya daladala wiki nzima, hutamani kuvuka Kigamboni, tukae mahali panaposikika mawimbi na minazi tu. Na tangu daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, hata kisingizio cha foleni ya pantoni kimepungua.

Nyumbani kwangu mjadala huo niliushinda mimi, sikukuu moja ya Idd el Fitri. Nikawachukua mama watoto, watoto na mpwa wangu wa miaka 11, tukaenda kusini ya Kigamboni, karibu na mahali ambapo kijito kinaingia baharini. Hapakuwa na watu ila wavuvi wawili wakishona nyavu zao. Nikajisifu kwamba nimechagua vizuri.

Tulifika saa nane mchana. Maji yalikuwa yakijaa, na ilipofika saa kumi na kitu yalikuwa yametulia kama ya mtungini. Saa kumi na moja na nusu niliinama kufunga vyombo. Mpwa wangu alikuwa amesimama maji ya kiunoni. Nilipoinua kichwa, alikuwa mbali, kichwa tu kikionekana. Hakupiga kelele. Mtu anayezama aghalabu hapigi kelele, kwa sababu pumzi yote anaitafutia uhai.

Aliyemwona kabla yangu ni mvuvi mmoja mzee. Walisukuma ngalawa yao bila kuniuliza neno, wakamfuata, wakamrudisha akiwa anatapika maji ya chumvi. Nilipotaka kumshukuru yule mzee, aliniambia: "Mwanangu, hapa maji yakitoka hayamwulizi mtu jina. Leo bamvua, hukujua?"

Ndugu msikilizaji, sikujua, ingawa ilinipasa kujua. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kwa mwachano wa saa sita na dakika chache. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na mwendo wake ni wa nguvu. Kati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Sasa, Idd el Fitri husherehekewa mwezi unapoandama. Kwa hiyo kila mwaka Idd hiyo huangukia kwenye bamvua, na katika pwani yetu ya Dar es Salaam maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi jioni, kisha huanza kutoka. Yaani, wakati ule ule watu wameshakula pilau na wamo majini, bahari huanza kurudi kwa kasi. Na penye mdomo wa kijito mkondo huwa mkali zaidi, kwa kuwa maji yote yaliyoingia ndani hulazimika kutokea mlango mmoja.

Je, nasema basi twende sote Coco? La hasha. Umati nao una hatari zake. Mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua, na kila mzazi hudhani mzazi mwenzake anaangalia. Maji yakipwa, miamba hujitokeza na hukata miguu. Lakini penye watu mia, huenda mmoja akaona. Kule kwenye kimya nilikokuchagua mimi, kama wavuvi wale wangekuwa wameondoka mapema kwenda kusherehekea, leo ningekuwa nazungumza habari nyingine.

Ninachosema ni kwamba tusichague ufukwe kwa kelele zake wala kwa kimya chake. Tuulize kwanza: maji yanajaa saa ngapi na kutoka saa ngapi? Wenyeji wa pale wanaogelea wapi, na wapi hawaogelei? Nani, kwa jina, atawaangalia watoto bila kufanya kazi nyingine? Na tuwafundishe watoto kwamba mkondo ukikuchukua, usishindane nao kurudi moja kwa moja nchi kavu. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Asiyeweza kuogelea ajitahidi kuelea, ainue mkono.

Nazo halmashauri zetu zina wajibu. Ubao mmoja wenye saa za maji kujaa na kupwa, na boya moja lenye kamba, si gharama ya kuishinda wilaya. Mahali palipo na kimya ndipo panapohitaji zaidi vitu hivyo, maana hapana jirani wa kumwita.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi naongeza: kabla hujazivua, muulize mvuvi. Mpwa wangu leo ni kijana mzima, na kila Idd hunipigia simu na kuniuliza kwa utani, "Mjomba, leo bamvua?" Nami hucheka, ila moyoni sicheki.

Hadi wiki ijayo, nawatakieni mapumziko mema.