Nani Huamua Uzee wa Kompyuta Yako?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, ikawaachia watumiaji wa nyumbani mwaka mmoja wa nyongeza iwapo watajiandikisha. Hakuna kompyuta iliyoharibika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Anayetaka kuhamia Windows 11 anatakiwa awe na kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa Intel, orodha hiyo huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Mpakato wa mtumba wa kizazi cha 6, unaoandika barua na kuonyesha video bila taabu, umeachwa nje.

Tofauti kubwa kati ya mfumo funge na mfumo huria iko hapo, kuliko hata kwenye bei. Katika mfumo funge, mwenye mfumo ndiye anayeamua mashine yako imezeeka lini. Katika mfumo huria wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, msimbo uko wazi, na kundi moja likichoka, jingine linaweza kuendelea. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, bila kungoja idhini ya kampuni yoyote. Microsoft nayo ilikuja kutafsiri programu zake, lakini kwa wakati ilioupanga yenyewe.

Basi sote tuhamie Linux? Rwanda imekwisha kutufunza tahadhari. Tulijiunga na mpango wa OLPC (One Laptop per Child, yaani mpakato mmoja kwa kila mtoto) mwaka 2007, na hatimaye watoto wa shule za msingi wakapata zaidi ya mipakato 200,000 aina ya XO, yenye Linux na sura ya Sugar iliyobuniwa kwa ajili yao. Kibodi ya XO ilikuwa hata na kitufe cha kumwonyesha mtoto msimbo wa programu anayoitumia! Nililipenda sana wazo lile, na bado nalipenda. Lakini umeme, mafunzo ya walimu na matengenezo havikwenda kwa mwendo wa mashine. Haki ya kufungua na kurekebisha haimfai mtu asiye na wa kumfungulia.

Kwa hiyo nawaomba mpime kwa kazi zenu. Anayetumia AutoCAD au Photoshop abaki Windows au macOS, kwa kuwa programu hizo hazikutengenezewa Linux. Lakini wengi wetu kazi yetu imo ndani ya kivinjari: barua pepe, huduma za serikali kupitia Irembo, masomo ya watoto. Huko Firefox ya Linux haina upungufu wa kutisha.

Nakilini kwanza mafaili yenu kwenye diski ya nje. Kisha washeni Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo kwenye kompyuta, mjaribu Wi-Fi, sauti na printa. Printa huweza kusumbua. Nanyi wanafunzi wa kompyuta, mafundi wa mjini wanaijua Windows kwa sababu ndiyo wanayoletewa kila siku. Jifunzeni kuitengeneza Linux vilevile, ili mwenye mpakato ulioachwa nje apate pa kuupeleka.