Shamba na Mali ya Nchi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wakulima, Msambweni)



Nimeombwa niwaeleze jinsi kilimo kinavyoweza kuinua nchi inayoendelea kama yetu. Najua wengi wenu mmekwisha kusikia jambo hili likisemwa na watu wasioshika jembe, kwa hiyo sitaanza na vitabu. Nitaanza na mambo mawili yaliyotokea hapa hapa Kwale.

La kwanza ni kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kilianza mwaka 1927, na kwa muda wa miaka sitini watu wa upande huu walilima miwa, wakaikata na kuipeleka kinuni. Mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Haukukoma mshahara tu. Muwa ukikatwa haungoji. Usiposagwa upesi utamu wake hupotea, na usipokuwa na kinu karibu hauna bei. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla ya kampuni nyingine kujenga kiwanda kipya katika sehemu hizo.

La pili ni madini ya titani. Ili mchanga wa Nguluku na Maumba uchimbwe, watu walihamishwa na minazi yao ikahesabiwa. Shehena ya kwanza iliondoka kwa meli mwaka 2014. Mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji ulikwisha, kwa sababu madini yaliyofaa yalikuwa yamekwisha. Sisemi kwamba madini hayakuleta faida. Yalileta kazi, kodi na mafunzo. Lakini mchanga uliokwenda ng'ambo haurudi kuota tena masika.

Sasa tuutazame uchumi wa nchi nzima. Katika Kenya, kilimo hutoa kama sehemu moja katika tano ya mali yote inayopatikana kwa mwaka, na watu wengi wa mashambani hupata riziki yao humo. Chai, kahawa, maua na mboga huuzwa nje, na fedha zake hununua mafuta, mitambo na dawa. Lakini mazao hayo yote hutoka hasa katika nchi za juu. Mwaka 1954 Bwana Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo alipotoa mpango wake mashuhuri wa kuwapa wakulima Waafrika hati za mashamba na mazao ya biashara, matunda yake makubwa yalionekana milimani, si Pwani. Nasi tulibaki na mnazi, mkorosho, mwembe na mhogo.

Basi niruhusuni niseme juu ya mnazi, maana naona watu wengi wameanza kuudharau, na mimi sikubaliani nao.

Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, kisha huzaa miaka sitini au zaidi. Hutoa dafu, nazi, mbata, makuti, kamba ya makumbi, tembo na mbao. Hakuna mmea mwingine hapa wenye kazi nyingi hivyo. Lakini hebu tazameni jinsi tunavyouza. Nazi hutoka shambani nzima, pamoja na kazi yote iliyomo ndani yake ambayo bado haijafanywa. Mwingine huikuna, huikamua, huisafisha mafuta yake, huyatia katika chupa, kisha chupa hiyo huletwa kuuzwa katika duka la Ukunda. Ili kupata tani moja ya mbata zahitajiwa nazi kama elfu tano au sita. Fikirini ni makumbi mangapi hutupwa au kuchomwa moto kwa tani moja hiyo, na wako watu duniani wanaoyanunua makumbi ili watengeneze mikeka, brashi na udongo wa kuoteshea maua.

Habari ya korosho ni hiyo hiyo. Mwaka 1975 au karibu yake Pwani ilipata kiwanda chake cha kubangua huko Kilifi, nacho kikaja kufungwa. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kupeleka nje korosho zisizobanguliwa. Sheria hiyo ilikuwa na nia njema, lakini sheria haibangui korosho. Mkulima akiwa na wanunuzi wachache, wao ndio hutaja bei naye hupokea. Waliopanda mrangi, yaani biksa, ambayo mbegu zake hutoa rangi ya siagi na jibini, wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Dawa yake ni kukusanya mazao pamoja katika chama cha ushirika, na kupima kwa mzani wetu wenyewe kabla mnunuzi hajafika na mzani wake. Najua vyama vingine vilianguka kwa sababu ya watunza fedha. Basi hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, tena kila mwezi.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni ardhi. Mtu asiye na hati hupanda mahindi, mhogo na kunde, kwa kuwa hivyo huvunwa kabla ya mwaka kwisha. Hapandi mnazi. Wazee mnafahamu kwamba kwa desturi za Pwani mti huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na kwamba mwenye shamba alimkataza mpangaji kupanda mti wa kudumu, asije akaufanya ushahidi wa milki. Kwa hiyo tunapowalaumu vijana kwamba hawapandi miti, tuulize kwanza kama wana mahali ambapo wajukuu wao hawataondolewa. Afisa wa kilimo hawezi kulijibu swali hili kwa miche ya bure.

Nije Diani. Mahoteli yako pale, na wageni hula kila siku nyanya, vitunguu, kabichi na mayai. Lakini mboga nyingi zinazoliwa Pwani hupitia soko la Kongowea, zikitoka Taveta, Oloitokitok na nchi za juu. Mwendo wa gari kutoka Diani hadi hapa si mrefu, lakini nyanya za mbali hutangulia. Sababu si uvivu. Mwenye hoteli anataka nyanya za namna moja, kwa kipimo kile kile, Jumanne na Ijumaa, hata wakati wa kiangazi. Mkulima anayengojea mvua ya masika na vuli hawezi kumwahidi hivyo. Anayechimba kisima au bwawa dogo, akashirikiana na jirani zake kumi ili mmoja avune wakati mwingine anapanda, huyo anaweza. Tena barabara ya Dongo Kundu sasa imefungua njia ya magari bila kungoja feri ya Likoni. Wengi wamefurahi, nami pia. Ila mkumbuke kwamba njia hiyo hiyo italeta kabichi za bara upesi zaidi.

Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za kilimo zimo mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa hiyo mkitaka bwawa, mabwana shamba au barabara ya kutoka shambani, mnaowaomba wako Kwale, si mbali.

Mwisho, kwa wale watakaopanda minazi masika ijayo. Chimbeni mashimo sasa, mita tisa toka shimo hadi shimo, na kila shimo lifike karibu mita moja kwenda chini. Jazeni udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vema. Kati ya miche pandeni kunde au mhogo, mpate chakula mnapongoja. Na magogo ya minazi iliyokufa msiyaache yaoze shambani, kwa kuwa humo ndimo chonga hutaga mayai yake. Yapasueni na kuyachoma. Chonga akikwisha kuingia katika moyo wa mnazi, mtoeni kwa waya wenye ncha iliyopindwa, mapema, kabla jani jipya halijakatwa.

Sasa niko tayari kwa maswali. Naona mama mmoja pale amekwisha kuinua mkono, na nadhani ataniuliza habari ya nyani.