Somo la Redio: Kuandika Ombi kwa Bunge

Toeni madaftari na kalamu, maana leo tutaandika.

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Mbunge wetu huonekana wakati wa kura tu." Manung'uniko hayo yana sababu. Lakini maneno yasemwayo sokoni huishia sokoni. Leo tutajifunza njia ya kuyafikisha Bungeni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 1, inasema kuwa mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liibadili au liifute.

Kumbukeni mwezi wa Juni mwaka 2024. Serikali ilileta Mswada wa Fedha wenye kodi nyingi. Hata mkate ulitakiwa kutozwa kodi ya asilimia 16. Watu waliusoma mswada ule, wakaelezana maana yake, wakawapigia wabunge simu, wakaandamana. Kodi ya mkate ikaondolewa. Tarehe 25, wabunge 195 waliupitisha mswada, na 106 waliukataa. Siku hiyo waandamanaji walipigwa risasi, wengine wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Gharama ile ilikuwa kubwa mno. Yafaa wananchi wasikilizwe mapema, kabla mambo hayajafika huko.

Je, ombi huandikwaje?

1. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine. Pasiwe na kufutafuta.

2. Lugha iwe ya heshima. Usitukane.

3. Eleza jambo lenyewe. Sema kama umekwisha kulipeleka kwa ofisi inayohusika, na ulijibiwa nini.

4. Sema kama jambo hilo liko mahakamani au haliko.

5. Mwishoni, taja wazi unalotaka Bunge lifanye.

6. Andika jina lako, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha utie sahihi. Asiyejua kuandika huweka alama ya dole gumba.

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, Nairobi. Lakini angalieni: zahanati ya kijiji ni kazi ya kaunti, kwa hiyo ombi lake huenda kwa Bunge la Kaunti.

Ombi si amri. Bunge laweza kulikataa. Hata hivyo, lililoandikwa halisahauliki upesi. Mbunge atakaporudi kuomba kura, mtamwuliza, "Ulisema nini juu ya ombi letu?" Naye atajua kwamba mnayo nakala.

Zoezi: Chagueni pamoja jambo moja linalowasumbua. Kila mtu aandike sentensi tatu: shida ni nini, nani ameambiwa, na mnataka nini kifanywe. Msomeane, msahihishane.

Juma lijalo tutaendelea. Kwaherini.